Kifuu Shingoni mwa Zulekha

Jumatatu, 7 Aprili

Skuli zimefunguliwa baada ya Sikukuu, na mvua nayo imefunguka siku hiyohiyo. Bati la Kidato cha Pili linapiga kelele hata nafundisha kwa kupayuka kama mnadi wa samaki. Nikawauliza kwa Kiingereza: tunaishi wapi, na leo hali ya hewa ikoje? Mkono wa mwanzo, kama kawaida, ni wa Zulekha. Akasimama kidete: "Teacher, we live in the izland of Pemba and today I hear cold very much!"

Ya Rabbi! Hiyo "s" ya kisiwa haitamkwi, nimewaambia tangu mwaka jana. Na baridi kwa Kiingereza haisikiwi, wala njaa, wala harufu. Mzungu husikia kwa masikio tu, basi. Lakini darasa zima halikuona kosa, likampigia makofi, naye akaketi huku anatabasamu kama bibi harusi.

Zulekha ni mtoto wa dada yangu Mwanawema, aliyeko Muscat kikazi. Aliniachia akiwa hajaanza skuli, na tunaishi watatu, mimi, yeye na mama yangu Bi Hija, katika nyumba iliyo nyuma tu ya uwanja wa skuli, hapa Shumba Viamboni. Mtoto anataka udaktari, na skuli yetu hata mwalimu wa fizikia haina. Mwezi ujao, Jumamosi ya tarehe 17, kuna usaili Chake Chake. Skuli moja ya bweni ya wasichana huko Unguja inatafuta wanafunzi. Mtihani wa kuandika ameshaupita. Uliobaki ni wa mdomo, Kiingereza kitupu. Mdomo anao, wallahi, tangu anapoamka haufungwi. Kinachonitia hofu ni kinachotoka humo.

Jumanne, 8 Aprili

Nimepita nje ya darasa la Mwalimu Linus, mwenzangu wa Kiingereza, aliyetoka Bara, Bukoba huko. Soko tupu! Watoto wanaropoka tu. Mmoja anaomba aazimwe kalamu, anasema "borrow me". Mwingine anaondoka zake huku anasema "I am coming", kama sisi tunavyosema naja. Linus anaitikia kwa kichwa, anayaandika makosa ubaoni bila jina la mtu, kisha wanacheka wote pamoja, na yeye akiwemo. Na huyo mwenyewe "thank you" kwake ni "sank you". Sisi tuliokaa chuo cha Kurani tukafundishwa kutoa ulimi kwenye herufi za msahafu, the na dhali, hatuna taabu hiyo.

Nikamwambia, "Mwalimu, makosa hayo yataota mizizi." Akacheka. "Acha yaote kwanza, Mwalimu Ruweida. Tutapalilia." Mtu mzima huyo!

Alhamisi, 10 Aprili

Nimepata dawa. Jana nilipomaliza kukuna nazi nikakichukua kifuu, nikakitoboa kwa msumari wa moto, nikatia kamba ya usumba wa nazi. Anayesema Kiswahili ndani ya uwanja wa skuli, au akatamka vibaya neno nililokwisha kulifundisha, anakivaa shingoni. Hakivui mpaka amkamate mwenziwe na kosa, amvishe yeye. Sisi utotoni tulivishwa kibao, na tumekufa?

Mwalimu mkuu, Mzee Haroub, amefurahi. Linus alikitazama kile kifuu mezani, akachukua kikombe chake, akaenda kunywa chai barazani peke yake. Shauri lake.

Kilimpata Zulekha kabla ya mapumziko. Neno "Wednesday" alilitamka kama lilivyoandikwa, na "d" yake yote.

Jumatatu, 14 Aprili

Bado anacho Zulekha.

Jumatano, 16 Aprili

Nilimvuta jikoni nikamuuliza, "Mbona humvishi mtu? Leo Laila kasema 'comb' na 'b' yake mwishoni, nimemsikia kwa masikio yangu, na mmekaa dawati moja."

"Nimemsikia."

"Sasa?"

"Mama mdogo, nikimvisha Laila, ataniamini tena?"

Mtoto mpumbavu! Wenziwe wote wanategana. Wanajificha nyuma ya choo kusikiliza nani kateleza. Yeye peke yake hataki kumsema mtu, basi kifuu kinalala kwetu kila siku, kwenye msumari anaotundikia mtandio wake.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Muhogo wa nazi. Nguo hazikauki.

Jumanne, 22 Aprili

Darasa langu sasa limetulia kama msikiti. Mzee Haroub kapita akachungulia dirishani, akaniambia, "Hongera mwalimu, hiyo ndiyo nidhamu." Zulekha hajakosea hata neno moja tokea juzi. Ni kweli hajasema mengi, lakini machache safi yashinda mengi machafu.

Ijumaa, 25 Aprili

Usaili umekaribia, nimekaza kamba. Nyumbani nako, tukishasali Magharibi, Zulekha asinene ila Kiingereza.

Mama akaniuliza, "Na miye je?"

"Wewe sema utakavyo, Mama. Yeye ndiye asiyejibu kwa Kiswahili."

"Kwa hivyo n'zungumze na nani humu ndani, Ruweida? Na ukuta?"

"Ni wiki chache tu, Mama. Kwa faida yake."

Akanitazama, akajifunika kanga yake mpaka kichwani, akageukia upande wa pili. Bi Hija akitaka kukusuta hana haja ya maneno.

Jumatano, 30 Aprili

Mwanawema kapiga simu kutoka Muscat. "Ruweida, mtoto anaumwa?"

"Haumwi. Kwa nini?"

"Kila nikimuuliza ananijibu 'fine'. Nilikuwa namkatia simu mimi, kwa maneno yake yasiyokwisha. Leo kanikatia yeye."

Nikamwambia anajiandaa na usaili, akili yake yote iko huko. Mwanawema akasema, "Haya, wewe ndiye mwalimu." Maneno hayo yamenikaa vibaya, sijui kwa nini. Labda kwa kuwa hakuyasema kwa ubaya.

Jumamosi, 3 Mei

Tumefanya mazoezi barazani. Mimi msaili, yeye msailiwa. Nikamuuliza kwa nini anataka kuwa daktari. Swali hilo mwaka jana alilijibu mpaka chai ikapoa. Leo ananitazama mdomo wangu, hanitazami machoni. Midomo yake inacheza bila sauti, analijaribu neno ndani kwanza, analirudisha, analijaribu jingine. Mwishowe akatoa: "To help people." Safi, hakuna kosa. Nikangoja zaidi. Hakukuwa na zaidi.

Nikamwambia vizuri. Moyo wangu haukusema vizuri.

Jumanne, 6 Mei

Linus alinisubiri mlangoni mwa ofisi. "Mwalimu Ruweida, samahani. Yule mtoto wako ananyamaza."

"Anajifunza kufikiri kabla ya kusema."

"Hapana, dada. Mimi najua." Akanieleza kwamba kwao Bukoba, skuli aliyosoma, waliwavisha mfupa wa ng'ombe kwa kosa la kusema Kihaya. Alikuwa mtoto mwoga, akaamua Kihaya asikiseme popote, hata nyumbani, ili ulimi usije ukamponza darasani. "Mpaka leo nikimpigia mama simu naanza kwa Kiswahili. Mama yangu Kiswahili hakimwingii vizuri. Tunaulizana hali, kisha tunakaa kimya, mpaka mmoja aseme haya, kwaheri."

Mimi nami, kwa hasira zangu, badala ya kumwambia pole nikamwambia, "Mwalimu, kaunyooshe kwanza ulimi wako kwenye 'thank you', kisha uje unifundishe kulea."

Akasema, "Ni kweli, sijaweza." Akaenda darasani kwake. Nilitegemea atajibu, tugombane, nipumue. Nimekaa na maneno yangu mwenyewe mchana kutwa na hayana ladha.

Alhamisi, 8 Mei

Lazima niandike, nisije baadaye nikajidanganya kuwa haikuwa hivi.

Asubuhi nilisahau miwani nyumbani. Wakati wa mapumziko nikamtuma Zulekha akanichukulie. Mvua ilikuwa kubwa. Baada ya muda akatokea mlangoni mwa ofisi ya walimu, amerowa chapachapa, hana viatu, kifuu kifuani. Miwani hakuwa nayo.

"Yes?" nikamwambia.

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"In English, please," nikasema, bila hata kufikiri, kama mtu anavyosema bismillahi.

"Teacher…" Akameza mate. "Teacher, my grand…"

"Full sentence." Nikimaanisha aseme sentensi nzima. Walimu wawili wakacheka kidogo. Midomo yake ikaanza ule mchezo, anajaribu ndani, anarudisha, anajaribu. Machozi yanamtoka na bado anatafuta neno lililo sahihi. Mkono wake ukakishika kifuu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilidhani ni ukaidi. Nikainamia madaftari yangu nikaendelea kusahihisha. Nilisahihisha ukurasa mzima na mtoto amesimama pale!

Ni Linus aliyenyanyuka. Akaweka kikombe chini, akachutama mbele yake, akamvua kile kifuu, akakitupa kule. "Sema kwa Kiswahili, mwanangu. Sema Kipemba. Sema vyovyote."

"Bibi kaanguka! Bibi kaanguka uani, hanyanyuki, yu mvuani!"

Sijui nilipitaje ule uwanja. Mama alikuwa amelala ubavu kwenye ukoga unaoteleza karibu na mtungi, kanga imemgandama mwilini, midomo imegeuka rangi kwa baridi. Kiatu kimoja kiko mbali naye. Alikuwa na fahamu zake. Aliponiona akasema polepole, wala si kwa ukali, "Nimemtuma ntoto akwite. Kumbe skuli i mbali hivyo?"

Nyumba yetu na skuli zinatenganishwa na ua wa makuti.

Linus alimbeba mikononi mpaka barabarani, jirani akatuazima gari yake. Hospitali wamesema nyonga haikuvunjika, imeteguka, lakini baridi imemwingia kifuani na atalala huko. Zulekha alikaa chini pembeni ya kitanda, ameshika kidole cha bibi yake. Nilimwambia, "Mwanangu, si kosa lako." Hakunijibu kwa lugha yoyote.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekichoma kifuu jikoni. Kimewaka vizuri, kifuu ni kuni njema siku zote.

Nikaingia darasani nikawaambia basi, mambo yale yamekwisha, semeni mtakavyo, koseeni mtakavyo. Wakanitazama. Walidhani nimeleta mtego mpya. Laila akamtazama Zulekha, Zulekha akatazama dawati. Nikauliza swali rahisi kabisa, leo ni siku gani. Hakuna mkono uliopanda.

Jioni nilikaa na Zulekha kitandani nikamwomba radhi. Nimeomba kikweli, nimelia mpaka pua ikaziba. Akanipigapiga bega kama mtu mzima. "It is okay, teacher." Teacher! Ndani ya nyumba yetu, juu ya kitanda chetu, mimi niliyemkogesha na kumsuka na kumlisha. Ningalipenda anitukane.

Jumatatu, 12 Mei

Mama karudi. Anatembea kwa fimbo, anatukana fimbo.

Jumatano, 14 Mei

Nilimfuata Linus nikamwambia nimemkosea, na nina shida. Hakuniacha nimalize. Alasiri akaja na njugu za kuchemsha, akaketi na Zulekha barazani. Alimsimulia habari za kwao, ndizi, ziwa, baridi ya asubuhi, kwa Kiingereza chake, na Zulekha anamenya njugu na kuitikia kwa kichwa. Hakumuuliza chochote. Alipoaga akasema "sank you for the company". Nikaisikia ile "s" na, wallahi, haikuniudhi hata chembe.

Nikamsindikiza njiani. "Ataweza?"

"Mpe muda."

"Muda hatuna, mwalimu. Jumamosi hii ndiyo usaili."

Akasema, "Basi mpeleke. Usimwambie chochote njiani, hata bahati njema." Nimeshindwa kujua ananitia moyo au ananiandaa.

Jumamosi, 17 Mei

Chake. Mvua ilipumua kidogo asubuhi. Wasichana wamejaa varanda, sare zimepigwa pasi, wazazi wanasoma dua chinichini. Mmoja alipotoka alilia kwa furaha, mama yake akampigia kigelegele mpaka karani akatoka kuomba utulivu.

Zulekha akaitwa. Nilikaa benchi lililo chini ya dirisha, na dirisha halikufungwa. Sauti ya mwanamke, ya upole, ikamwuliza kwa Kiingereza jina lake nani.

Kimya.

Akamwambia asiwe na haraka. Nilisikia kiti kikisogezwa. Nilisikia karatasi. Nikawa nasema mimi moyoni: Zulekha, Zulekha, Zulekha, kana kwamba naweza kulipitisha dirishani. Akamwuliza tena. Kisha yule mwanamke akaacha Kiingereza kabisa: "Mwanangu, usiogope. Waitwa nani?"

Hata hilo hakulijibu.

Akatoka amenyooka, hakulia. Yule msaili akanifuata nje, akaniambia alama zake za kuandika ni miongoni mwa zilizo bora. Akashusha sauti. "Lakini, dada, mtoto ana tatizo la kusema? Maana kuna madaktari."

Nikamwambia hana. Nilikuwa na mengi ya kumweleza, kwamba msichana huyu alikuwa akigombezwa kwa kusema sana, na kwamba aliyemziba mdomo ndiye huyu anayezungumza naye. Nikasema hana tu, nikamshika mtoto mkono tukaondoka. Njia nzima alitazama nje. Nilikumbuka aliyoniambia Linus, nami nikanyamaza.

Jumanne, 20 Mei

Laila kaja kumwamkia Mama. Wamekaa na Zulekha ukumbini, wakasukana.

Jumatano, 21 Mei

Majina yametoka. La Zulekha halimo.

Nimempigia Mwanawema nikamweleza yote, tangu kifuu mpaka benchi la Chake. Nilitaka anipigie kelele. Akasema tu, "Ruweida, mimi nilikuwa nikirudi nyumbani nimechoka na kazi za watu, sauti ya mtoto yule ndiyo ilikuwa chakula changu." Akakata.

Ijumaa, 23 Mei

Darasani Laila amenyoosha mkono. Akasema sentensi yenye makosa matatu. Nikamwambia vizuri sana, endelea. Zulekha hakunyoosha.

Jumapili, 25 Mei

Nilikwenda dukani kununua sabuni. Narudi, nimefika mlango wa uani, nikasikia mtu anazungumza chumbani kwa Mama. Nikadhani redio. Nikasikiliza. Ilikuwa sauti ya Zulekha, na ilikuwa Kiingereza, mbiombio, makosa matupu, hakina kichwa wala miguu. Mama, ambaye Kiingereza chake chote ni "bai bai", anamwitikia kwa Kipemba chake: "Ehe. Kisha ikawaje?"

Alikuwa anamsimulia usaili. "The woman is good, Bibi. She ask me my name. I know my name! But my name, he refuse to come out." Jina lake mwenyewe, anasema, lilikataa kutoka.

"Ehe."

"I tell him come, come, the people they wait. He sit down inside. He fear."

"Maskini," akasema Mama, kama aliyeelewa kila neno. Na Zulekha akacheka. Kicheko kile sijakisikia tangu mvua zilipoanza.

Nikashindwa kujizuia, nikausukuma mlango. Ukalia kidogo tu, na sauti ile ikakatika papo hapo.

"Nani huyo?" Mama akauliza.

Mvua ilikuwa imerudi tena, nzito. Nikauachia mlango polepole, nikarudi nyuma nikajibanza kwenye ukuta wa jiko, ambako maji ya paa yote yanamwagikia.

"Paka," akasema Mama. "Haya, sema mwanangu."

Kimya. Nikazuia pumzi. Kisha Zulekha akaanza tena, chini kwa chini mwanzo, halafu kwa sauti. Alikuwa na mengi ya kusema. Kanga ilinirowa mwilini, sabuni ikaanza kunitoka povu mkononi, na sikuingia.